Ndege Zetu za Mkonge Juu ya Mahindi ya Kitale

Kutoka Voi hadi Bungoma ni kuikata Kenya upande hadi upande, na mimi niliikata nikiwa utingo wa lori la mitumba lililotoka Mombasa. Gia ilitukatikia Salgaa, tukalala chini ya lori. Tulipofika Timboroa baridi ilinishika mpaka dereva akanionea huruma na kunivisha koti lake la mvua. Nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye tayari alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la mkonge, kwenye machimbo ya mawe na kwenye mahema ya maua Naivasha, na kote huko sikuwahi kumaliza mwaka. Bungoma nayo niliihesabu kuwa mahali pa kushushia mzigo tu.

Tulishusha marobota kwenye ghala karibu na reli. Jirani na ghala hilo palikuwa na karakana, na ukutani pameegemezwa milingoti ya mkonge, ile inayochipuka katikati ya mmea unapokaribia kufa. Nilisimama kuitazama kama mtu aliyekutana na watu wa kwao.

"Unaijua hiyo?" mzee mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi aliniuliza.

"Ni mlingoti wa mkonge. Kwetu tunajengea vibanda vya kuku."

"Sisi hapa tunajengea ndege. Ingia uone, bana."

Nilidhani ni mzaha. Niliingia, na lori likarudi Mombasa bila mimi.

Huyo ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu. Karakana yake ilitengeneza vifaa vya kufundishia sayansi mashuleni: mizani, kapi, mioyo ya plasta inayofunguka. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndege ndogo za kuelea zinazopandishwa na roketi. Bawa zima lilitoshea mkononi, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Injini ilikuwa bomba la kadibodi lililonunuliwa tayari limejazwa. Kujaza wenyewe alikataza kabisa: "Atakayegusa baruti hapa, akatafute kazi ya kupasua mawe."

Siku ya kwanza nilipewa wembe, msasa na kipande cha mlingoti kilichokaushwa juu ya jiko kwa miezi. Mti huo ukikauka huwa mwepesi kama mkate ulioumuka vizuri. Nilikwangua tangu asubuhi. Fundi Mkuu alilipima bawa langu kwa kiganja.

"Hii ni nzito kama ugari ya jana. Tena ukiangaria hapa, umeacha tumbo. Ndege ikiwa na tumbo itaruka wapi? Kwangua!"

Nilikwangua hadi nikajifunza. Bawa huwa nene mbele na jembamba nyuma. Ncha zake huinuliwa kidogo, ili ndege ikilala upande mmoja ijirudishe yenyewe. Pua huongezwa udongo wa mfinyanzi kidogo kidogo, kisha unairusha kwa mkono juu ya nyasi. Ikipiga pua chini, unapunguza udongo. Ikiinuka na kusita kama punda, unaongeza.

Ugumu wenyewe ni huu. Roketi inapowaka, ndege huenda kasi sana, na mabawa huilazimisha kupinduka nyuma kama mcheza sarakasi. Kwa hiyo unataka uzito puani. Lakini moto ukiisha, uzito huohuo unaizamisha. Dawa yetu ilikuwa kuiweka injini kwenye kibebeo kidogo kilichoning'inizwa puani. Moto ukiisha, bomba lilitoa pumzi moja ya mwisho, kibebeo kikachomoka na kuanguka na utepe wake, na ndege ikabaki nyepesi, ikielea. Wanafunzi walipiga kelele hadi walimu wakatoka ofisini.

Baada ya misimu kadhaa nilihamishiwa Kitale, ambako karakana ilifungua tawi kwa ajili ya shule za Trans Nzoia. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi, mtu wa miteremko ya Mlima Elgon, mpole, mwenye kusema neno moja pale ambapo Fundi Mkuu angesema kumi. Viwanja vya shule vilikuwa vidogo, vimezungukwa na madirisha. Uwanja tuliopata ulikuwa shamba la Mama Nyambura, mjane ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua ardhi huku. Yeye alituruhusu wakati wa mavuno, mabua yakiwa yamekatwa na kusimamishwa kwa matita ili mahindi yakauke.

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni sisi tu tungeweza kukosea hivyo. Tuliyaona matita yale kuwa magodoro. Ndege iliyotua juu ya mabua haikuvunjika bawa, kwa hiyo tulirushia hapohapo katikati, kwa makusudi, na tukajipongeza. Tulitazama ndege inavyotua. Kibebeo hatukukitazama.

Siku moja kibebeo kilianguka kikiwa bado cha moto, kikazama ndani ya tita. Tuliona moshi, kisha ndimi. Vibarua walikuja na magunia waliyoyachovya kwenye birika la ng'ombe, tukapiga moto pamoja nao hadi ukafa. Tita lile na la jirani yake yaliungua. Upepo ungegeuka, shamba zima lingekwenda.

Mama Nyambura hakupiga kelele. Alisimama na kitambaa chake kichwani, akayatazama majivu.

"Nyinyi watu wa ndege. Hii mahindi ndiyo karo. Ndiyo mbolea ya mwaka ujao. Ndiyo mimi."

"Tutalipa, mama," Msimamizi alisema.

"Kulipa mtalipa. Lakini msirudi hapa. Ama mrudi na ndege yenye haiangushi kitu."

Habari zilipofika Bungoma, Fundi Mkuu alitoa amri yake: shule zikifunguliwa kabla hatujapata uwanja, tawi la Kitale lifungwe na kila mtu ashike njia yake. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kushika njia.

Tulikaa chini, Msimamizi nami. Ndege isiyoangusha kitu ni ndege inayobaki na injini yake, na injini hiyo ndiyo inayoizamisha. Msimamizi ndiye aliyepata wazo. Tulikata kibawa cha mkia kiwe na bawaba ya kitambaa, tukakivuta juu kwa mpira, kisha tukakizuia kwa uzi uliopita mbele ya tundu la injini. Ile pumzi ya mwisho ingeuchoma uzi, kibawa kingeinuka, nayo ndege ingeinua pua na kuelea, imebeba kila kitu chake.

Tulikwenda kuijaribu Bungoma. Mara ilielea, mara ilikuja chini kama mshale. Fundi Mkuu aliokota iliyovunjika, akauchungulia uzi.

"Ati mmefunga na uzi ya gunia? Hii ni nailoni! Haiungui, inayeyuka na kushikana. Tafuteni pamba, ile ya fundi wa nguo. Si mumefika shule nyinyi?"

Tulirudi Kitale na uzi wa pamba. Mama Nyambura alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuongoza, si pembeni, bali katikati ya matita yaliyobaki.

"Mnaiamini?"

"Ndiyo, mama," nilijibu.

"Basi rusheni hapa. Mimi nitashika ndoo."

Alishika ndoo kweli, imejaa maji. Vibarua walisimama na magunia yao yaliyolowa. Niligusisha waya wa kuwashia injini kwenye betri ya gari. Ndege ilipanda ikipiga mluzi, ikapungua kasi, ikainamisha pua kuelekea mahindi. Nilisikia Msimamizi akivuta pumzi. Kisha juu kule kukatoka kamoshi kadogo, mkia ukaruka, na pua ikainuka taratibu. Ilizunguka juu ya shamba kama mwewe asiye na njaa, ikatua juu ya tita.

Mama Nyambura aliifikia kabla yetu. Aligusa bomba kwa kidole, akakiondoa upesi.

"Moto iko ndani."

"Iko ndani, mama."

"Ikae humo." Akamwaga maji ya ndoo chini, karibu na miguu yangu. "Kunyweni chai kwanza."

Nilifanya kazi hiyo Kitale miaka mingi kuliko niliyofanya kazi nyingine yoyote. Sasa nina mvi, nimestaafu ufundi huo, na vijana huniuliza ulinifaa nini. Ulinifundisha kuangalia pia kile kinachoanguka.

Mwisho wa miaka hiyo ya Kitale, miguu ilianza kuniwasha tena, kama kawaida yangu. Nilikwenda kumuaga Mama Nyambura msimu wa kupanda, nikiwa na mkoba begani. Trekta lilikuwa limepita, na mbegu ziko chini. Katikati ya shamba niliona ukanda mpana ambao haukulimwa, nyasi zake fupi. Huko Trans Nzoia watu hupanda mahindi hadi mlangoni.

"Trekta imeharibika, mama?"

"Haijaharibika." Aliutazama mkoba wangu. "Hapo ni pa ndege. Watoto wa shule wasingoje mavuno. Wewe enda tu, Msimamizi yuko."

Nikaupita ukanda ule kwa miguu, urefu wake wote, hadi barabarani.