Sweta ya Kahawia

"Mwalimu, kwa nini hakuna anayemwambia?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa dawati la mbele, kidato cha sita, hapa Biharamulo. Tulikuwa tunasoma tamthilia ya kale ya huzuni: mfalme anaapa kumsaka mkosaji, na sisi watazamaji tunajua tangu mwanzo kwamba mkosaji ni yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeandika KINAYA ubaoni kwa herufi kubwa. Nikajibu kwa maringo, "Wakimwambia, mchezo umekwisha." Darasa likacheka. Napenda kuchekesha darasa. Ni udhaifu wangu.

Kabla hawajanyamaza, mkuu wa shule akaniita nje. Baba yako anaumwa kidogo, alisema, nenda nyumbani Rulenge, tumia gari langu. Huyu ni mtu anayetuhesabia vipande vya chaki. Rafiki yangu, mwalimu wa Jiografia, ndiye angeendesha. Eti naye alikuwa na shughuli zake huko.

Baba alikuwa amefariki alfajiri. Ofisi nzima ya walimu ilijua, hata mpishi alijua. Mimi, mtaalamu wa kinaya, nilipanda gari nikilalamika kwamba vipindi vyangu vitapotea.

Nyakahura nikaomba tusimame sokoni, kwa kuwa asubuhi za Rulenge zina baridi na baba hakuwa na sweta ya maana. Nikachagua ya kahawia. Rafiki yangu hubishania bei hata ya nyanya. Siku hiyo alitazama pembeni.

"Itamtosha kweli?" nikamuuliza. "Nasikia amepungua."

"Itamtosha, Mwalimu. Twende."

Njia nzima nilimtania kwa ukimya wake. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba tangu Krismasi sikuwa nimezungumza na baba, kisa ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba, na kwamba siku hiyo ningemwomba radhi. Alikaza macho barabarani. Nikadhani namchosha.

Tulipokata kona ya nyumbani niliona turubai la buluu, na wanaume wamekaa kimya kwenye mabenchi. Nikaelewa. Nilimgeukia rafiki yangu nikamtukana, tusi ambalo mwalimu hapaswi kulijua. Akazima injini. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni, na papo hapo nikaapa kwamba mimi sitamfanyia mtu yeyote ukatili huu, hata iweje.

Sikuwa hata nimeingia ndani kumwona mama, baba mdogo aliponijia na simu mkononi.

"Ni mdogo wako wa kike, yuko Tabora, anasubiri basi. Maneno yetu hayaamini tena, anakutaka wewe." Akapunguza sauti. "Yuko peke yake, mwanangu. Akijua sasa atasafiri vipi?"

Nikaipokea. Sweta ilikuwa bado kwapani, kwenye mfuko wake.

"Shikamoo, kaka. Wewe hujawahi kunidanganya. Baba anaendeleaje?"

Nilitaka kumwambia. Nilimwona mawazoni, yuko kituoni na begi lake, watu wakimpita bila kumjua.

"Anaumwa kidogo," nikasema. "Wewe njoo tu."

Akashusha pumzi, nikasikia sauti yake ikilegea. "Mwambie namletea asali ya huku."

"Nitamwambia."