Sahani Tano za Maua

Unga wa weka ukimwagwa kwenye maji yanayochemka hutoa harufu ya majani makavu na vumbi la mvua ya kwanza. Wengine harufu ya jikoni huwatuliza. Mimi hii inaniinua kitini. Juzi nilikuwa naikoroga, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na mwanamke mmoja mwenye jiko jeupe anafundisha watu kuishi na vichache. Sufuria moja inatosha, anasema. Mwiko mmoja. Mboga moja kwa siku. Anasema kwa upole, kama mtu anayetoa siri. Nilimzima. Nikakoroga kwa hasira mpaka mboga ikanirukia mkononi.

Sisi tulikuwa na sufuria moja, jamani. Hakuna aliyetufundisha.

Nilikuwa na miaka kumi tuliporudi kwetu kutoka Kenya tukakaa mtaa wa New Site: mama, mimi na wadogo zangu watatu. Baba alikuwa amefariki. Weka ni bamia iliyokaushwa ikasagwa, lakini mimi mtoto wa Kenya ningejuaje? Mama aliposema, "Keji, leta weka," nilimuuliza niweke nini. Alicheka mpaka akakaa chini. Na kila siku ilikuwa hiyo hiyo, weka na asida, ule ugali wetu laini wa mtama, katika sinia moja, mikono mitano. Niliona aibu. Kule tulikotoka kila mtu alikuwa na sahani yake.

Kisha tukasikia kwamba amtu, dada mkubwa wa baba, anakuja kutoka Rejaf kunichukua nikakae kwake, ili mama apunguziwe mdomo mmoja. Sikutulia tena. Nilifagia palipokwisha kufagiwa. Nilichota maji hata pipa likamwagika. Nikaamua: amtu akiona tunaishi vizuri, ataniacha. Na kuishi vizuri, kwa akili yangu, kulikuwa ni sahani.

Siku yenyewe mama alipika, akatoka kumpokea mgeni barabarani. Nikakimbia kwa jirani nikaazima sahani tano za maua, nikagawa. Asida iliyokuwa mlima kwenye sinia ikageuka vibonge. Mboga niliikwangua mpaka sufuria ikalia. Nikapanga sahani mkekani, nikasimama kando kama mhudumu wa hoteli.

Amtu alikuwa amekaa Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliangalia mkeka, akaangalia sufuria.

"Keji, hii sahani iko ngapi?"

"Tano, amtu."

"Na watu iko ngapi?"

Wadogo watatu, mimi, yeye. "Tano," nikasema kwa fahari.

"Na huyu ya kupika? Yeye anakula ukuta?"

Nilikuwa nimemsahau mama. Mama mwenyewe aliangalia vidole vyake vyenye unga.

"Rudisha," amtu akasema.

Nikarudisha kwenye sinia, sahani moja moja, mlima ukasimama tena, umebonyea, mbaya. Tukauzunguka watu sita. Amtu alimega pembeni kabisa, na mboga ilipotiririka upande wake aliisukuma kwa kibonge cha asida irudi kwa mama. Nilidhani haipendi.

Alipomaliza kunawa akasema, "Khalas, basi. Huyu mimi hapana chukua. Hajui kula. Akae na mama yake mpaka ajue."

Wadogo zangu walicheka. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado nililia, nikamchukia miaka na miaka.

Sasa nina watoto wawili na kabati la sahani, na kila mchana wananitia wazimu kwa kupimana: ya huyu imejaa, yangu haijajaa. Ndiyo maana nimemwelewa amtu, nikiwa nimechelewa. Alikuja kuondoa mdomo mmoja, akakuta mtoto asiyemwona mama yake, akaona mtoto huyo asiondoke kabla hajamwona. Lawama akanitwika mimi, ili mama asilazimike kuomba niachwe wala kushukuru.

Yule wa kwenye simu anajua kuhesabu sufuria. Leo nimeweka sinia chini. Mkubwa wangu akauliza sahani yake iko wapi.

"Hesabu watu kwanza," nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole: yeye, mdogo wake, baba.

Nikasimama pale, mwiko mkononi, nikangoja.