Injini Iliyoimba Vizuri Kwenye Pipa

Injini ya mtumbwi haina kazi Kikatiti. Hapa kuna barabara ya Moshi, kuna mahindi, kuna migomba, na upande wa juu kuna Mlima Meru. Maji makubwa hakuna. Lakini nyumbani kwetu injini ilikuwa inakuja kama mgeni, inafungwa kwenye pipa la maji nyuma ya jiko, na baba anaamka mapema kuliko kuku.

Ujana wake wote baba alivua samaki kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, huko chini, ukishapita Moshi. Injini ile aliinunua ikiwa tayari imetumika. Nyonga ilipoanza kumsumbua akaja kulima huku, injini akamwachia baba mdogo, lakini wakakubaliana kwamba ikiharibika ataitengeneza yeye mwenyewe. Ikawa inaletwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa nyanya, imeviringishwa turubai. Baba akiipokea huiwekea kiganja juu ya mfuniko, kama mtu anayempima mtoto homa, kabla hata hajamsalimia dereva.

Mwaka jana ilisumbua kuliko miaka yote. Baba mdogo alipiga simu, na baba akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Kaka, inabadilisha mwendo yenyewe. Naenda vizuri, ghafla inapiga kelele, halafu mwendo hakuna. Nikipunguza inatulia. Nikiongeza, yale yale."

"Mafuta hayafiki," baba alisema. "Ilete."

Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki nyumbani, na kwa kuwa siongei sana, baba alipenda kufanya kazi na mimi. Huniita mama, maana nina jina la mama yake. "Mama, wewe una vidole vya kushonea," ananiambia, "vyangu ni vya kuchimbia." Basi kabureta ilikuwa yangu. Nilizibua vitundu vyake kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Baba aliangalia tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi, akabonyeza lile puto la mpira linalosukuma mafuta, akabadilisha bomba lililokuwa limelainika, akasugua plagi. Tukaiwasha kwenye pipa. Iliimba. Ukiongeza inapanda, ukipunguza inashuka, kwa adabu kabisa. Baba akafumba macho.

"Sikiliza hiyo, mama. Mzima."

Ikarudi bwawani, ikaanza tena. Ikaletwa, tukafungua kabureta, ikaimba kwenye pipa. Ikarudi, ikaanza tena. Safari hii baba mdogo hakupiga simu, alikuja nayo mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai yote, ndipo akamgeukia baba.

"Kaka, nisamehe. Kuna mtu wa vyuma chakavu anaiulizia. Mimi nimeshakubali, nimebakiza kukuambia wewe. Juzi imenikwamisha katikati, upepo umeanza. Ningezama, watoto wangu ungewalea wewe?"

Baba aliangalia mikono yake. Injini ile ndiyo iliyotujengea nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake.

"Nipe siku moja," alisema. "Nije nipande nayo mwenyewe. Ikinishinda mbele ya macho yangu, muuzie."

"Utapandaje mtumbwi na nyonga hiyo?"

"Utanibeba."

Mama, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akadakia, "Mpeleke, shemeji. Usipompeleka ataiota mpaka nihame chumba."

Tuliondoka asubuhi na pikapu ileile, baba mbele, mimi, baba mdogo na injini nyuma. Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka, nikavua sweta. Bwawani baba mdogo na mwenzake walimwingiza baba kwenye mtumbwi kama wanavyoingiza friji dukani, huyu anavuta, yule anasukuma, naye anawagombeza wote wawili. Alipoketi karibu na injini akacheka peke yake.

Baba mdogo akawasha. Polepole tulienda vizuri. Akaongeza, pua ya mtumbwi ikainuka, kisha injini ikapiga ukelele na tukahisi mtumbwi unashusha pua na kupoteza mwendo.

"Umeona?" baba mdogo alisema. "Haya, iambie iimbe."

"Kabureta," baba alisema, macho kafumba.

Mimi nilikuwa naangalia nyuma. Ukelele ulipopanda, povu lililokuwa linatufuata lilipungua, likawa kama la mtu anayefua leso. Baba mdogo alipopunguza, sauti ikashuka na povu likarudi. Alipofanya tena, nilimgusa baba goti.

"Baba, injini haipungui. Inaongezeka. Kinachopungua ni povu."

"Anasemaje?" baba mdogo aliuliza.

Baba alifumbua macho, akageuka, akaangalia maji. "Ongeza tena," alisema. Akaangalia. "Punguza." Kisha akasema kwa upole, "Turudi nchi kavu."

Ufukweni aliinua mkia wa injini na kunionyesha propela kwa nyuma, ile feni inayosukuma maji. Katikati kuna bomba la shaba, nje kuna mapanga, na kati yao kuna mpira uliogandishwa. Mapanga yakigonga jiwe, mpira unateleza kidogo ili gia zisivunjike. Lakini ukizeeka unateleza hata bila jiwe. Injini inazungusha shaba, mapanga yanabaki nyuma.

"Tuhakikishe," alisema. "Nani ana rangi?"

Nilikuwa na rangi ya kucha kwenye mkoba. Nilichora mstari mwekundu kutoka kwenye shaba, juu ya mpira, mpaka kwenye chuma cha nje. Tulipuliza sote watatu mpaka ukakauka. Baba mdogo akaenda peke yake, akaipigisha kelele, akarudi. Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili, na vipande vimepeana kisogo.

Baba alicheka mpaka akashika nyonga. Maana nyumbani hatukuwa tunaijaribu ikiwa na propela. Mwaka wa kwanza ilipoletwa aliiwasha nayo, maji yote ya pipa yakaruka na kumwagikia maharage ya mama yaliyoanikwa, na tangu siku hiyo sheria ya mama ilikuwa kwamba propela ivuliwe kwanza. Ugonjwa tulikuwa tunauvua, tunauegemeza ukutani, halafu tunasema mgonjwa mzima.

"Mke wangu na maharage yake!"

"Usimsingizie shemeji," baba mdogo alisema. "Bisibisi uliishika wewe."

Jirani yake bwawani alikuwa na propela ya injini ya aina hiyo iliyokufa zamani. Ilikuwa imepinda ncha moja; baba aliinyoosha kwa nyundo na gogo. Baba mdogo aliifunga, akatoka, akaongeza. Mtumbwi uliinua pua na haukuishusha. Ulienda mbali mpaka ukaonekana mdogo, sauti moja tu, haipandi haishuki. Baba alisimama akiwa ameniegemea begani, kisha akaketi kwenye kreti.

Aliporudi, baba mdogo aliichukua simu yake akaenda pembeni. Nilimsikia akisema, "Hapana, ndugu yangu, haiuzwi tena." Akarudi, akachuchumaa mbele ya baba.

"Kaka, eti oili na petroli nachanganya vipi?"

Alikuwa anachanganya mwenyewe miaka yote. Hata mimi nilijua. Lakini baba alijivuta vizuri kwenye kreti alilokalia, akaomba chupa tupu, akaanza kumweleza tangu mwanzo, na baba mdogo akawa anaitikia, "Ehe. Ehe, kaka," kama mtu ambaye hajawahi kusikia.