Magoti Mbele ya Watahini

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema nafundisha chuo kikuu. Akiuliza nafundisha nini, nasema masomo ya jinsia. Hapo wanaume wa Kampala hugawanyika: wako wanaocheka, na wako wanaosema, "Eh, kumbe nyinyi ndio munaharibu bibi zetu!" Hawa wa pili nawapenda zaidi. Angalau wanaamini tuna uwezo.

Kwa miaka mingi niliandika tasnifu juu ya jambo moja tu, kupiga magoti. Baganda wanajua ninachosema. Mwanamke wa Kiganda akimsalimu mkubwa wake, au mume, au baba wa mume, hushuka chini. Mimi si Muganda. Nilizaliwa kambi ya polisi, baba mtu wa kaskazini, Mkristo, mama Mnubi wa Bombo, Mwislamu, na lugha ya kugombania chakula ilikuwa Kiswahili. Kwetu aliyepiga magoti alikuwa na shida na Mungu, basi. Tulisalimiana kwa mkono, tena kwa kelele.

Kisha nikaolewa na Muganda. Mama mkwe alinifundisha kushuka kwenye sakafu ya saruji ya sebule yake Kansanga, mgongo wima, pole pole, usianguke kama gunia la mkaa. Nilijifunza haraka maana nilimpenda. Halafu nikaenda kazini kuandika kwa nini jambo hilo ni baya. Ndivyo tulivyo sisi wasomi, mkono mmoja unakula, wa pili unaandika malalamiko juu ya chakula.

Kwenye taasisi yetu magoti ni marufuku. Haijaandikwa popote, lakini msimamizi wangu wa tasnifu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya sajini, akimwona mwanafunzi anashuka mlangoni ili akabidhi insha, humnyanyua kwa kiwiko. "Simama, binti! Hapa tunainamia vitabu tu!" Mimi sikuwa na nguvu hizo za mikono. Mwanafunzi akishuka, nami nilishuka, ili tuwe sawa. Matokeo yake tulisahihisha insha nyingi sakafuni, na mama wa chai alishazoea kutuwekea vikombe chini ya meza bila kuuliza.

Sura ya nne ya tasnifu ndiyo niliyojivunia. Ilisema goti hufundishwa, na kinachofundishwa huachwa, mtu akishatambua tu kwa nini anakifanya. Mume wangu, mdomo wake usio na mlango, akamweleza mama yake. Mama mkwe alikasirika sana.

"Kale, sawa," aliniambia. "Iyo siku yako ya mutihani mimi hapana kuja. Nakuja kusikia nini? Unanitukana na Kizungu?"

Iliniuma. Lakini sikuwa na nafasi ya kuuguza kidonda hicho, maana mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule wa utetezi wa tasnifu, na sheria mpya ilikuwa wazi kama jua la Januari: mhadhiri asiye na uzamivu, haongezewi. Nikianguka kwenye utetezi, darasa langu linakwenda kwa mwingine, na mimi naenda kuuza mashuka sokoni Kikuubo na dada yangu. Dada alikuwa ameshanitafutia stuli.

Kwetu utetezi wa tasnifu ni kama arusi. Mlango uko wazi kwa wote. Ndugu wanakuja na keki, wanakaa nyuma, wanavumilia mambo wasiyoyaelewa kwa saa nzima, ili mwishoni wapate kupiga vigelegele. Siku yangu dada alikuja, mume akaja, wanafunzi wangu wakajaa mpaka madirishani. Kiti cha mama mkwe kilibaki na mkoba wa dada juu yake.

Mtahini wa nje alitoka Nairobi, mwanamke mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Alinigeuza kama chapati. Huku, kule, huku tena. Hatimaye akafika sura ya nne.

"Unasema goti linaweza kusahau," aliuliza kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. "Una ushahidi gani?"

Mori ukanipanda. Nikanyakua kipaza sauti. "Ushahidi ni mimi! Nilifundishwa ukubwani, nikatambua, nikawa huru. Leo hakuna mtu duniani anayeweza kunipigisha magoti kama mimi mwenyewe sijaamua!"

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe, amevaa gomesi ya zambarau, mabega yamesimama, mshipi unameta kiunoni, vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi.

Naapa sikuamua. Niliona zambarau, na kilichofuata nikawa chini, kipaza sauti mkononi, mbele ya jopo zima la watahini, sauti yangu ikivuma kwenye spika zote: "Musiibye mutya, maama?"

Na salamu ya Kiganda haikatwi. Ukishaianza utaimaliza. Nikamuuliza ameshindaje, akajibu. Nyumbani wako vipi, akajibu. Akanishukuru kwa kazi, nikamshukuru kwa kazi. Mmm. Eee. Mmm. Kila mguno ulipita kwenye spika. Msimamizi wangu alijifunika uso kwa tasnifu yangu, na ilimtosha, maana nimeandika sana. Mwanafunzi mmoja dirishani alicheka kama mbuzi aliyebanwa.

Salamu zilipoisha, mama mkwe aliwageukia watahini na kuwaeleza, kwa Kiswahili chake, kana kwamba walimuuliza: "Mimi bado nako hasira na huyu. Lakini nimesikia leo mutamupiga maswali. Mutu yangu hapigwi peke yake." Akautoa mkoba wa dada kitini, akakaa.

Mtahini alisogeza miwani. "Mtahiniwa unaweza kuendelea. Ulikuwa unasema hakuna mtu duniani..."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti wa jopo aligonga meza huku naye mabega yanamcheza. Mimi bado nilikuwa chini, na nilimwona dada akinitazama kwa huruma, ile ya mtu anayekukaribisha kwenye biashara ya mashuka. Nikaogopa kweli. Lakini kicheko nacho kilikuwa kimenipanda kooni, na mtu hawezi kudanganya vizuri huku anacheka.

"Sura ya nne ina makosa," nikasema. "Niliandika kana kwamba goti linajua kuogopa tu. Hili la sasa hivi limefurahi. Nilidhani hatakuja." Nikasimama, nikajikung'uta. "Nilipoteza miaka nikiuliza kwa nini mwanamke anapiga magoti. Ningeuliza, akibaki amesimama atafanywa nini? Mimi nikibaki nimesimama, huyu mama atanuna. Kuna wasichana nimezungumza nao Kamwokya, wao wakibaki wamesimama wanafungiwa mlango, wanalala nje. Goti ni lilelile. Hapo ndipo pa kupigania, na mimi sikupaandika."

Mtahini aliandika kitu, kirefu.

Tulitolewa nje ili wajadiliane. Kwenye korido nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama mkwe alinivuta, akatema mate kwenye leso, akanisugua vumbi magotini, huku akiwalaani wafagiaji wa chuo kikuu. Hakuniuliza nilisema nini kwa Kizungu kile. Nilimweleza mwenyewe, Kiganda changu kikichechemea, mpaka pale pa kulala nje. Aliacha kusugua.

"Na mimi nililala inje," alisema. "Mara moja. Nilikuwa bibi mupya." Akaendelea na goti la pili.

Tukaitwa ndani. Mwenyekiti akasoma: nimefaulu, ila sura ya nne iandikwe upya. Kisha akaniita Daktari. Vigelegele vilianzia madirishani, dada akavipokea, msimamizi wangu akapiga ngumi hewani kama mshabiki wa mpira, na mimi niliruka, ndiyo, niliruka na umri wangu huu.

Mama mkwe alikuja mpaka mbele. Akakusanya gomesi yake kwa mikono miwili, akaanza kushuka. Mama wa mume hampigii magoti mke wa mwanawe. Sijaliona hilo kokote, na nimechunguza magoti kuliko mtu yeyote mjini hapa. Nikashuka haraka nimwahi, nimzuie. Akanikamata mkono.

"Simama," alisema. "Simama muzuri. Wanaona."

Nikasimama. Nilitamani sakafu, kila kitu mwilini kikitaka kushuka. Yeye alikuwa chini, mgongo wima, ananishukuru kwa kazi, pole pole, bila kuruka neno, na mimi, nimesimama na machozi yananitiririka, nikamwitikia mpaka mwisho.