Pedali ya Mwangwi na Pilau ya Bi Zuhura

Nichekeni tu, kwani Bofu nzima, mtaa wetu huku Likoni, imeshanicheka. Kwa harusi ya jirani nilitaka gitaa langu kavu, lisilo la umeme, lisikike mpaka barabarani, nikaenda Kisauni kwa fundi Salimu. Akanionyesha kisanduku cha kuongeza nguvu ya sauti.

"Hiki chakutosha," akasema. "Gitaa lako lina maikrofoni tumboni. Ukitia na pedali ya mwangwi, litanasa hata pumzi zako."

Mimi nikaona ananionea choyo tu, nikabeba vyote viwili.

Jumamosi tukapiga. Wallahi, kila uzi niliougusa uliitika mara tatu! Wanawake wakapiga vigelegele, kichwa kikanivimba. Tulipopumzika ikaletwa pilau ya Bi Zuhura, nyanya yake bwana harusi. Nikakanyaga pedali ili nizime, nikalipakata gitaa, nikaanza kula.

"Mwanangu, waionaje pilau yangu?" akaniuliza Bi Zuhura akipita.

"Tamu, bibi! Sijapata kula mfano wake."

Alipokwenda zake nikamwinamia Juma, mpiga ngoma wetu, mdomo ukaja juu ya tundu la gitaa, nikamnong'oneza: "Haina chumvi hii."

Kumbe nilikanyaga kando, sikuzima kitu. Spika mbili za uani zikapokea: "Haina chumvi hii... chumvi hii... chumvi hii..."

Upande wa wanawake ukaangua kicheko. Bi Zuhura akarudi polepole na kibakuli mkononi, akainama, akaweka mdomo kwenye tundu la gitaa langu.

"Abee, mwanangu! Chumvi hii hapa."

Na Likoni yote ikasikia: "Hii hapa... hii hapa... hii hapa..."