Romana Alipimwa Kwenye Nyumba Isiyo Yao

Mama Romana alinikuta kwenye korido ya wodi ya walioungua, nimekaa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani. Hakunisalimia. Alisimama mbele yangu, kanga yake bado inanuka moshi, akaniuliza polepole kama mtu anayeuliza njia: "Si ninyi mlisema anaweza?"

Ndani, Romana, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amefungwa bandeji kuanzia vidole vya mkono wa kulia hadi begani. Mdogo wake alitoka mzima, kwa sababu Romana alirudi jikoni kwenye moto kumchukua. Nimefanya kazi nyingi za kuchosha, lakini uchovu wa siku ile bado ninao.

Nieleze kazi yenyewe, maana vijana wanaoajiriwa sasa hawaambiwi tulivyoifanya.

Siku ya kwanza niliripoti ofisi ya mradi wa kupima watoto, Moshi mjini, na elimu yangu ya darasa la saba. Walinichukua kwa sababu nasikilizana na watu kwa Kichagga na nina miguu ya kupanda milima. Cheo changu kilikuwa mtembeleaji msaidizi. Mkuu wangu alikuwa Bi. Hedwiga, mtaalamu wa upimaji wa watoto, mwanamke mpole asiyependa kelele. Alinikabidhi sanduku la plastiki lenye kadi za rangi na vikombe, akasema, "Humu hakuna mtihani wa kusoma wala wa hesabu. Tunataka kujua mtoto akiachiwa kazi, anajiongozaje."

Wenyewe waliziita stadi za kujiongoza. Moja ni kushika maagizo kichwani huku mikono inafanya kazi. Unamwambia mtoto achote maji, ampe mbuzi, arudishe ndoo, afunge banda. Je, atafika mwisho, au ataishia kwa mbuzi? Nyingine ni kujizuia. Hiyo tuliipima kwa mchezo: nikisema gusa kichwa, yeye aguse magoti. Na kuna kubadili njia. Mtoto anapanga kadi kwa rangi, halafu unamwambia sasa panga kwa umbo, unaangalia kama atang'ang'ania rangi.

Shuleni kazi ilikuwa nyepesi, na hapo ndipo ilipokuwa inadanganya. Kengele inamwambia mtoto sasa ni saa ya nini. Mwalimu anasema fungua daftari, mwenzake wa dawati anamgusa kiwiko. Mtoto asiyejiongoza anaweza kubebwa na shule nzima na usimwone. Kwa hiyo Bi. Hedwiga alitaka tumwone pia nyumbani, na nyumbani alimaanisha kwao mtoto, kwenye kihamba chao, yaani nyumba na migomba yake, pasipo mtu mzima wa kumwelekeza.

Tulianzia Shirimatunda. Tulikuwa tunakaa uani asubuhi nzima tukijifanya tunachambua maharage, tunamwangalia mtoto kwa pembe ya jicho. Baadaye tukapelekwa Kilema. Huko kulikuwa na bibi mmoja aliyekohoa kila mjukuu wake alipotaka kukosea kadi. Bi. Hedwiga akamwomba kwa heshima zote aingie ndani kidogo. Bibi akajibu, "Mwanangu, mimi nina kifua." Aliingia, akakoholea dirishani. Tulirudi siku nyingine bibi akiwa kanisani, tukapima upya. Kazi ilikuwa hivyo, unarudi mpaka uone ukweli.

Halafu tukahamishiwa Uru chini ya mratibu mpya, Bwana Gaudensi. Yeye alitaka watoto wengi kwa muda mfupi, na kupanda kihamba hadi kihamba kulimchosha kabla hajaanza. Akaja na mpango wake. Mnajua kwetu jumuiya za kanisa husali majumbani kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Akaagiza watoto wa jumuiya nzima wakusanywe kwenye nyumba yenye zamu, wapimwe hapo, na iandikwe kwamba wamepimwa nyumbani. Bi. Hedwiga akamwambia hapo si kwao. Mratibu akasema nyumbani ni nyumbani, na asiyeweza mpango huu anajua mlango uliko. Mkataba wa Bi. Hedwiga ulikuwa unaisha. Akaandika ratiba kama alivyoagizwa.

Zamu ilikuwa kwa Mama Sabina. Watoto walikuja na nguo za Jumapili, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Wazee wamepanga mabenchi, mtori wa ndizi uko jikoni. Mtoto gani wa Kichagga atafanya utundu ugenini mbele ya wazee wote wale? Romana akapewa ile kazi ya maji na mbuzi. Alipokwama, Mama Sabina akamwonyesha ndoo. Alipotaka kuondoka, mzee mmoja akamkumbusha banda. Akamaliza yote, akapigiwa makofi.

Mama Romana akasimama. "Samahani, Bwana Mratibu. Huyu kwangu haendi hivi. Kwangu namtuma majani, namkuta kwenye mfereji anacheza na maji, hata hakumbuki nimemtuma. Mimi moto simwachii. Njooni kwangu mmwone."

Gaudensi akacheka. "Mama, wenzako wanawaombea watoto wafaulu, wewe unamwombea wako aanguke?"

Akina mama nao wakacheka. Mama Romana akakaa, akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

Wakati wa kushuka nikamuuliza mratibu kama tutapita kwa yule mama hata kesho. Akaniambia, "Mama, wewe unalipwa kubeba sanduku au kubeba maswali?"

Majibu yalisomwa shuleni mbele ya wazazi. Romana, shuleni na nyumbani, anaweza kuachiwa kazi zenye hatua nyingi bila kusimamiwa. Bi. Hedwiga alikuwa ameweka sahihi. Tangu hapo Mama Romana hakupumua. Mama mkwe wake akawa anamwambia kila siku kwamba anamdharau mtoto wake mwenyewe, wataalamu wamemsifu yeye bado anamfungia. Akachoka kubishana. Siku ya soko akamwachia Romana chungu cha maharage na mdogo wake aliyelala jikoni, akashuka na ndizi zake.

Romana alitoka kufuata majani, akapitia kwenye mfereji. Moto ukapanda, ukakamata kuni zilizokuwa zinakaushwa juu ya meko. Mengine nimeshayasema.

Kwenye kikao cha ofisi ya kijiji, Gaudensi alisema mradi ulimpima mtoto nyumbani kwao, kwa hiyo huo ni uzembe wa mzazi. Bi. Hedwiga aliangalia meza. Nikasimama nikasema hatukuwahi kukanyaga kwa Mama Romana. Wiki iliyofuata nikaambiwa mradi unapunguza watu. Ndivyo nilivyostaafu, kabla ya umri wangu, bila hata mkono wa kwaheri.

Sasa nakata majani ya ng'ombe wangu mmoja na magoti yananiuma. Nikikutana na Romana namwona anashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Ninyi mnaobeba masanduku leo, mtu akiwaambia nyumbani ni popote, mwekeeni sanduku lake chini.

Mwezi uliopita Gaudensi alimtuma mzee mmoja kwa Mama Romana na jani la isale. Kwetu ukiletewa isale unatakiwa kusamehe, na ukikataa, wewe ndiye unayeonekana mbaya. Mama Romana aliuliza, "Ananiomba nimsamehe nini?" Mzee akasema hakuambiwa.

Basi Gaudensi, usitume mtu. Panda mwenyewe mpaka kwenye kihamba chake, ambacho hujakiona hata siku moja, na uje na Hedwiga. Simameni mbele ya Mama Romana na mwanawe. Wewe useme ni nani aliyeamua kwamba kwa Mama Sabina ni kwao Romana. Hedwiga aseme kwa nini aliweka sahihi. Mkishasema, Mama Romana ataamua kama analipokea hilo jani.