Tulivyoishia Salgaa

Safari hii niliipanga kwa ajili ya watu waliokosa atachimenti, yaani nafasi ya mazoezi ya kazini. Sisi ni klabu ya wanafunzi wa uchukuzi katika chuo kimoja hapa Naivasha. Tunasomea jinsi mzigo unavyotoka shambani au kiwandani hadi umfikie mnunuzi. Bila mazoezi hayo, mtu hahitimu. Wafula, mwenyekiti wetu, alikuwa ameandikia kampuni nyingi, na zile chache zilizomjibu zilimwambia nafasi zimejaa. Baba yake alistaafu kutoka reli pale Nakuru, na kila jioni alimpigia simu kumuuliza kama amepata. Kisha meneja wa ghala moja la nafaka karibu na Eldoret akakubali kutupokea. Angetutembeza, angezungumza na wale wa mwaka wa mwisho, na kabla ya kuondoka kwenda Nairobi saa sita angechagua wachache wa kubaki naye.

Mimi nilikuwa katibu wa mipango. Niseme wazi kwamba klabu yetu ina vyeo vingi kuliko kazi. Kila mtu anataka kitu cha kuandika kwenye wasifu wake, kwa hiyo tuna afisa wa nidhamu, afisa wa ustawi, afisa wa mahusiano, na kila mmoja ana naibu. Mimi cheo changu kilinishika kama ugonjwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza peke yangu kwenye simu, nikisoma katiba za klabu za vyuo vingine na kutazama video za watu wanaopanga harusi. Ratiba ya safari niliiandika upya mara nyingi hadi wenzangu wakaniita Madam Ratiba. Nilicheka nao, lakini jina lile liliniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Alfajiri, Naivasha. Mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua yalikuwa yanapita kuelekea ziwani, na sisi tumesimama langoni kwenye baridi, basi la chuo halijafika. Mwalimu ambaye ni mlezi wa klabu alituma ujumbe kwamba mtoto wake anaumwa, twende bila yeye. Basi likaja limechelewa, magurudumu yamejaa matope mekundu. Dereva, Mzee Koech, akashuka na kuanza kupangusa kioo kwa gazeti. Nilimuuliza mbona amechelewa.

"Gari imetoka mazishi Bungoma," akasema. "Imeingia sasa hivi."

Nilisikia neno mazishi, nikatazama matope, na wasiwasi ulionijia ulikuwa kwamba viti vitakuwa vichafu na wenzetu wamevaa nguo safi za kukutana na meneja. Nilipanda ndani kukagua viti. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wangu wote.

Gilgil tuliipita watu wakiwa bado wanaimba. Elementaita ilionekana upande wa kushoto, maji meupe chini ya ukungu, na wengi wakainua simu kupiga picha. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili nyuma ya dereva. Nilimwona akifungua dirisha, akifunga, akifungua tena. Aliwasha redio, kisha akaizima. Nikajiambia kwamba watu wa umri wake wana tabia zao.

Nakuru tulisimama kutia mafuta. Mzee Koech alienda kwenye bomba la kuoshea magari, akainama, akajimwagia maji kichwani na shingoni, na kulikuwa na baridi. Nilimfuata. Nilimuuliza kama alilala.

"Nitalala Eldoret," akasema, akijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nyinyi mkiangalia mahindi, mimi nalala."

Alitabasamu, nami nikatabasamu. Nilitazama saa. Tulikuwa nyuma ya ratiba, na ninaungama kwamba jibu lake lilinifurahisha kwa sababu halikuniongezea dakika.

Baada ya kupita njia ya kuingia Rongai, barabara ilijaa malori, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuweza kulitafutia jina lingine. Kichwa cha Mzee Koech kilishuka taratibu, kikapanda ghafla, kikashuka tena. Basi likatoka kwenye lami upande wa kushoto, kokoto zikagonga chini, likarudi. Nyuma mtu mmoja alisema, "Dere, tuko na watoto," na watu wakacheka. Muda mfupi baadaye likaelea upande wa pili, na lori lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Nilimgeukia Akinyi, afisa wa nidhamu, aliyekaa karibu nami. Alinong'ona kwamba nidhamu yake ni ya wanachama, si ya dereva. Niongee na mwenyekiti. Nikaenda kwa Wafula. Alikuwa macho, amekunja mikono, tai aliyoazima kwa binamu yake imemkaa vizuri. Yeye pia alikuwa ameona. Aliniambia dereva ameajiriwa na chuo, kwa hiyo ni wa mlezi, na mlezi hayupo. Nikampigia mlezi. Alinisikiliza, nikasikia mtoto akilia upande wake. Kisha akaniuliza kwa upole, si wewe ndiye katibu wa mipango?

Sijawahi kuchukia cheo kama nilivyokichukia cheo kile hapo. Niliketi na kuifungua katiba ya klabu kwenye simu. Niliijua kwa moyo, lakini nilitaka kuona kama kuna mstari utakaoniokoa. Ilisema katibu wa mipango ndiye mwenye jukumu la safari za klabu. Haikusema chochote zaidi. Nikasimama, nikaenda mbele.

"Mzee, simama hapo Salgaa."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Nataka ulale."

Hakunitazama. "Nimeendesha gari kabla hujazaliwa. Mtoto wa chuo aniambie nilale? Wewe ni nani?"

Nilikuwa na maneno mengi ya heshima niliyoyaandaa kichwani, yakapotea yote. "Ni mimi nimepanga hii safari," nikasema. "Nimeipanga vibaya. Simama, tafadhali."

Salgaa. Alisimamisha basi katikati ya malori yaliyopangwa pande zote mbili, akazima injini kwa hasira, akasema atapumzika dakika chache tu kunifurahisha. Alilala kabla hatujaanza kushuka, mdomo wazi, mkono bado kwenye usukani. Akinyi aliushusha ule mkono na kuuweka kwenye mapaja ya mzee, na hakuzinduka.

Tuliingia kwenye hoteli ndogo kando ya barabara. Mwenye hoteli, mama mmoja mwenye kofia ya sufu, alitushangaa tulivyovaa, akauliza tunasomea nini. Mtu akamjibu, uchukuzi. Alitazama malori nje, akatutazama sisi.

"Basi mmefika," akasema, na akaenda kuleta chai na chapati. Hata Wafula alicheka, na kicheko chake kiliniumiza kwa sababu nilijua hakitadumu.

Dakika chache zikawa saa nzima. Wafula alinivuta nje, kati ya malori mawili. Alisema sasa mzee amepata usingizi wa kutosha, tumwamshe, tukienda kwa kasi tutafika kabla meneja hajatoka. Nikasema mtu aliyekesha barabarani hashibi usingizi kwa saa moja. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia sijui, ila nimeona kile kichwa kikishuka. Akasema wengine wana mwaka mwingine wa kutafuta nafasi, yeye hana. Karo ya muhula wa ziada hakuna nyumbani. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Huo ndio ulikuwa wakati wangu mgumu kuliko wote. Hapakuwa na basi lingine. Tuliuliza kuhusu magari ya kwenda Eldoret, yakawa yanapita yamejaa. Wafula alisimama barabarani kupunga mkono kwa muda mrefu, tai ikipeperuka, na hakuna lililosimama.

Nilipiga simu ghalani mwenyewe. Nilitamani kumwachia afisa wa mahusiano, kwa kuwa sauti yangu hukatika nikikosea mbele ya wakubwa, lakini nilijua hiyo ingekuwa njia nyingine ya kujificha. Nilimweleza meneja dereva wetu amechoka na tumemsimamisha Salgaa. Alisema pole. Alisema hawezi kungoja. Nikamwomba awasikilize wa mwaka wa mwisho kwa simu. Akasema yeye huchagua watu aliowaona, siku njema. Spika ya simu ilikuwa wazi na Wafula alikuwa kando yangu, akisikia yote. Alilegeza tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

Alasiri Mzee Koech aliamka mwenyewe. Alikuja hotelini akiwa na alama ya usukani shavuni, akanywa chai amesimama, akauliza saa. Alipoambiwa, alikiweka kikombe chini. Hakuna aliyemlaumu. Wafula akatangaza kwamba ziara haipo, tunarudi nyumbani, na watu wakaingia basi bila nyimbo.

Njiani kurudi nilikaa kiti kilekile. Karibu na Nakuru Mzee Koech alizungumza, macho yakiwa barabarani. Alisema hata watu wa mazishi walimuuliza kama amechoka, akakataa. Ukisema umechoka, gari linapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hachoki mpaka akuondoe kazini. Niliikumbuka ratiba yangu nzuri, yenye saa ya chai, saa ya picha na mpangilio wa nani aketi na nani, na hapakuwa na swali hata moja juu ya mtu atakayeshika usukani. Nilimwomba msamaha kwa kumwambia alale mbele ya watu. Akasema, "Ungeniambia kwa siri ningekataa."

Naivasha tuliingia jua likizama nyuma ya milima ya Mau. Wafula alishuka wa mwisho, akanisubiri.

"Sijui kama ulituokoa au ulininyima kazi," akasema.

"Mimi pia sijui."

"Na hutawahi kujua."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuliko nilivyoirudia ratiba. Tungefika salama, labda. Madereva wengi hufika. Mtu kama mimi, anayetaka kila kitu kiwe na alama ya vema kando yake, huteseka sana na jambo lisilosahihishwa na yeyote. Nilichojifunza ni kwamba cheo hakikupi uhakika. Kinalifanya kosa liwe lako, hata lile ambalo huenda halikuwa kosa. Siku hizi, kabla ya kuuliza basi litaondoka saa ngapi, namuuliza dereva alilala wapi. Na namuuliza faraghani, kisha, kama hajalala, naenda mwenyewe ofisi ya usafiri kuomba safari isogezwe siku moja, ili asiwe yeye aliyesema.

Muhula uliofuata tulifanya uchaguzi. Nilisita, kisha nikagombea cheo kilekile. Kura zetu ni za kuinua mikono. Wafula, aliyekuwa bado hajapata nafasi na amerudi kusoma muhula alioogopa, alikaa safu ya mbele na mikono yake miwili ikabaki mapajani. Nilipita kwa mikono ya wengine. Nilipokuwa nakusanya viti alikuja akachukua upande wa pili wa benchi nililokuwa nalivuta.

"Sikukupigia kura," akasema.

"Niliona."

Tulilibeba hadi ukutani, tukaliweka chini.

"Lakini basi ukilisimamia wewe," akasema, "nitapanda."